Mrejesho: mashine ya kufyonza vumbi ya kujengewa ukutani, nyumba ya Shangani

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kama nifunge mfumo wa kufyonza vumbi wa nyumba nzima, ule wa mota moja stoo na mabomba ndani ya kuta, kwa sababu mwanangu ana pumu. Nimefunga, na nawashukuru sana.

Aliyenishauri niwahi kabla ya plasta aliniokoa. Mabomba ya inchi 2 yalilazwa kuta zikiwa tofali tupu, pamoja na waya mwembamba wa volti 24 unaowasha mota ukichomeka mpira wa kufyonzea kwenye tundu la ukutani. Matundu ni matatu tu. Mpira wa mita 9 unafika hadi nyuma ya kitanda cha mtoto, nimepima mwenyewe kwa kamba.

Tatizo lilikuwa kona. Fundi aliweka elbo (viungo vya kona) kali za mabomba ya maji, nikamwambia azitoe zote. Alinuna, lakini nilisimama palepale: uchafu hukwama kwenye kona kali, na ukuta ukishafungwa utabomoa. Tukaweka za mzunguko mpana. Kingine, mota msiagize ya Marekani ya volti 120, umeme wetu ni 230.

Hewa inatokea nje, upande wa mkorosho, kwa hiyo vumbi laini halirudi chumbani. Jana nilifungua ndoo ya mota: mchanga wa pwani, mweupe, karibu kilo nzima. Wiki moja tu! Kumbe ndio tulikuwa tunalala nao.

Bei ya mabomba na vifaa nitawawekea nikikusanya risiti.