Tupeane uzoefu: kuchagua lenzi ya renjifainda ya dijitali

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, uzi huu ni wa wenye renjifainda za dijitali (kamera za fokasi ya mkono, zinazopima umbali kwa dirisha) na wanaojipanga kununua: Epson R-D1 ya 2004, Leica M8 ya 2006, M9 ya 2009, hadi M10 na M11. Tuwekeane mambo ya kazi, yenye vipimo.

Naanza na msingi. Kamera hizi huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia dirishani, na katikati pana kiraka chenye taswira mbili. Ukizungusha pete ya fokasi, nyuma ya lenzi inasukuma mkono mdogo wenye kigurudumu ulio ndani ya mdomo wa kamera, na taswira zinasogeleana mpaka zishikane. Lenzi na mkono ule visipokubaliana, dirisha litakuambia tayari wakati ukali umeangukia kwenye sikio badala ya jicho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lenzi gani ni kali, uliza dirisha lako linaweza kupima lenzi gani.

Pia angalieni ukubwa wa kihisi, kile kinachopokea picha mahali pa filamu. Kikiwa kidogo kuliko fremu ya filamu ya 35 mm (fremu kamili), kinakata pembeni. R-D1 inakata kwa 1.5, M8 kwa 1.33, kuanzia M9 ni fremu kamili. Lenzi ya 35 (urefu wa fokasi kwa milimita; namba ndogo inaona pana zaidi) kwenye M8 inaona kama 47, na 28 inaona kama 37. Mwenye M8 anayetaka lenzi moja ya kila siku achukue 28.

#2
Niongezee kwenye dirisha. Mistari ya fremu, inayoonyesha dirishani eneo litakaloingia kwenye picha, hutokea kwa jozi kulingana na lenzi. M9 na M10 zina 28 na 90, 35 na 135, 50 na 75. M8 ina 24 na 35, 28 na 90, 50 na 75. Ukitaka 21 au 18, utachomeka dirisha la ziada juu ya kamera au utumie skrini kwa kamera zinazoonyesha moja kwa moja, kuanzia M 240.

Wanaovaa miwani, mistari ya 28 kwenye M9 inapotea pembeni. Jaribuni dukani kabla ya kulipa. 35 inaonekana vizuri zaidi, na 50 haina shida kabisa.

Nokton 40 f/1.4 ya Voigtländer (f ni uwazi wa tundu la lenzi; namba ndogo, tundu pana) ni nzuri na bei yake inabebeka, lakini inaita mistari ya 50. Kitakachoingia kwenye picha ni kingi kuliko unachokiona.

Na mistari yenyewe imepimwa kwa umbali mmoja: M9 kwa mita 1, M 240 kwa mita 2. Ukipiga kitu cha mbali kwa M9, picha inachukua zaidi ya mistari.

#3
Mkuu #1 kagusa penyewe, ngoja niweke namba. Uwezo wa kupima unatokana na umbali kati ya madirisha mawili ya mbele yanayoleta zile taswira mbili, ukizidishwa kwa ukuzaji wa dirisha unalochungulia. M9: 69.25 mm mara 0.68, sawa na 47 mm. M10: mara 0.73, karibu 50.6 mm. R-D1 ina ukuzaji wa 1.0 lakini madirisha yake yamekaribiana, inabaki na kama 38 mm tu.

Sasa linganisheni na eneo la ukali, yaani nafasi inayotoka kali mbele na nyuma ya unapolenga. 35 f/2 kwa mita 1 inakupa kama sentimita 10. 50 f/1.4 kwa mita hiyo hiyo inakupa sentimita 3 na kidogo. 90 f/2 kwa mita 1.5 nayo ni sentimita 3. Hizo ni hesabu za zamani za filamu; kwa megapikseli 24 ukikuza picha hadi asilimia 100, gawa kwa mbili. Ndiyo maana 75 f/1.4 na 90 f/2 zinasumbua watu, na 135 ni bora uitumie tundu likiwa limefungwa hadi f/5.6.

Kwa kazi ya mtaani, 35 kwenye f/8, pete ikiwa mita 3, unapata mita 1.9 hadi 7.3 bila kugusa fokasi. 28 kwenye f/8 ukiiweka mita 3.3 unapata kuanzia mita 1.6 hadi mbali kabisa.

#4
Lenzi za skrubu za 39 mm zinaingia kwenye mlango wa M (pale lenzi za kamera hizi zinapofungwa) kwa adapta ya unene wa milimita 1 (umbali wa mlango hadi kihisi au filamu ni 28.8 dhidi ya 27.8). Nunua adapta inayoita mistari inayolingana na lenzi, na uipime: adapta za bei poa zikizidi unene hata sehemu ya kumi ya milimita, lenzi haifiki mbali kabisa.

Lenzi za Jupiter na Industar za Kisovieti zinavutia kwa bei. Tatizo ni kwamba Jupiter-3 na Jupiter-8 zilirithi vipimo vya kamera za Contax, visivyolingana na vya Leica. Ukiipanga iwe sawa karibu, mbali inakosea, na kinyume chake. Ukifunga hadi f/5.6 husikii shida. Jupiter-12 kioo chake cha nyuma kimechomoza sana, usiisukume kwa nguvu. Na lenzi ambazo tyubu yake hukunjwa kwa kuisukuma ndani, usizikunje kwenye kamera ya dijitali.

#5
Lenzi pana za zamani, kioo cha nyuma kinakaa karibu na kihisi, mwanga unapiga kona kwa mshazari. Matokeo ni kona nyeusi, na upande mmoja wa picha kuwa na rangi ya waridi. Vijitundu sita vya rangi nyeusi na nyeupe kwenye pete ya mlango wa lenzi za Leica ndivyo vinaiambia kamera lenzi gani imevaliwa, ili irekebishe. Kwenye M9 na za baadaye unaweza kuchagua lenzi kwenye menyu.

Wenye M8: nguo nyeusi za nailoni zinatoka zambarau, kwa sababu kihisi kinaona infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Dawa ni kichujio cha UV/IR mbele ya kila lenzi. Bei ya kichujio iingie kwenye bajeti.

#6
Kwa wa pwani, Mombasa, Unguja, Dar: lenzi ya mtumba ikaguliwe kwa tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Wingu jepesi ni ukungu wa grisi, mara nyingi husafishika. Fangasi iliyokula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo haiondoki, alama yake inabaki hata baada ya kusafishwa. Mfuko wa ngozi uliofungwa ndio mahali pabaya pa kuhifadhia. Tumieni boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli, na muikaushe jeli ikibadilika rangi.

#7
Kipimo cha kufanya siku ya kununua: rula imelazwa nyuzi 45, mita 1, kamera kwenye tripodi, tundu wazi kabisa. Lenga namba moja ya rula. Piga tano ukitokea mbali, tano ukitokea karibu, ukianza upya kila mara. Zote zikikosea upande uleule, rudia kwa lenzi nyingine. Ikikosea nayo vilevile, kamera ndiyo mbovu. Ikiwa sawa, ni lenzi. Zikitapanyika ovyo, ni jicho: jaribu lenzi ndogo ya kurekebisha macho kwenye dirisha.

Kisha funga f/2.8, f/4, f/5.6 bila kugusa pete. Kwenye Zeiss C Sonnar 50 f/1.5 utaona ukali unarudi nyuma kadiri unavyofunga. Si ubovu, ndivyo ilivyoundwa, ila lazima ujue imepangwa kwa f/ipi.

Mwisho, mnara wa mbali zaidi ya kilomita moja, pete ikigota mwisho: taswira mbili zishikane. Zikipishana wima, mpelekee fundi. Usichokonoe kile kigurudumu mwenyewe.

#8
@#7 asante. Mwenye M9 na bajeti ya lenzi moja aanze na ipi?

#9
35, f/2 au f/2.8. Biogon 35 f/2 au C Biogon 35 f/2.8 za Zeiss, au Color-Skopar 35 f/2.5 ya Voigtländer, yoyote itakayofaulu kipimo cha rula.