Mlango wa marehemu nyanya: tuukate tufanye meza?

BintiKibokoni
Assalam aleikum jamaani. Nyumba ya marehemu nyanya, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, inakarabatiwa na kaka zangu wanataka mlango wa chuma mbele. Ule wa nakshi wameniambia nichukue niupeleke kwangu Kisauni, pamoja na boriti kadhaa zilizotolewa darini. Fundi wangu ashapata wazo: ubao mmoja wa mlango uwe meza ya sebuleni na kioo juu yake, wa pili uwe kichwa cha kitanda. Fremu asema haina kazi. Mimi nasitasita. Mngefanyaje?

MzeeWaKuze
Waaleikum salaam mwanangu. Mwambie fundi aweke msumeno chini kwanza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hivyo hata huo mlango wa chuma wa kaka zako si jambo la kuamua wao na mwashi wao. Nendeni Makumbusho mkaulize kabla ya kung'oa chochote. Wakikwambia ubaki pale pale, basi mjadala wa meza umekwisha, na mimi nitafurahi.

Chuma_na_Mbao
Jamani, mbao ni mbao. Shemeji yangu anayo meza ya mlango na kila mgeni huisifu.

SeremalaMstaafu
Wageni husifu hata chai ya baridi, bwana.

Dada, huyo fundi wako hajautazama vizuri. Nakshi ya milango yetu nyingi iko kwenye fremu, kwenye kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati. Mbao zenyewe aghalabu ni tambarare, pengine na misumari ya shaba. Kwa hivyo utapata meza ya ubao mtupu, na yale maua na minyororo yaliyochongwa yaishie uani kwa kuni!

Halafu tazama pembeni: mlango wa kizamani hauna bawaba. Kila ubao una kigingi juu na chini, kinazunguka ndani ya tundu la kizingiti. Akipunguza inchi mbili tu ili meza ikae sawa, mlango huo hautafunguka tena maisha.

Ukiruhusiwa kuuhamisha, uhamishe mzima. Tia alama za chaki kila kiungo kabla ya kufungua, na umpe mwashi vipimo vya fremu kabla hajajenga ukuta. Mimi ningeuweka ndani, kati ya ukumbi na sebule, mvua ya kusi isiufikie.

BintiKibokoni
Ahsante sana ami. Nimeutazama, ni kweli mbao hazina nakshi hata chembe! Boriti je?

SeremalaMstaafu
Gonga moja moja. Ikilia ndani tupu au ikimwaga unga, usiiingize nyumbani. Nzima zitafaa kivuli cha baraza. Ni fupi, ndiyo maana vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba, basi usimwambie mtu azivushe sebule pana. Na ncha zake zisizikwe kwenye saruji, huko ndiko unyevu hukaa.

MamaWawili_Tudor
Na rangi? Wa kwetu una matabaka ya rangi ya mafuta ya kijani, mistari ya nakshi haionekani.

SeremalaMstaafu
Mashine ya msasa marufuku, inakula nakshi pamoja na rangi. Paka dawa ya kutoa rangi, ngoja ilainike, kisha brashi laini, na kijiti cha mwanzi kwenye mifereji. Anzia upande wa nyuma, chini, pahali pasipoonekana. Misumari ya shaba waiache na weusi wake. Watoto wakitaka kung'arisha kitu, wape sinia.