Tupeane uzoefu: Dalili za usonji kwa mtoto mwenye sindromu ya Down mlizitambuaje?

Mleta mada, Dodoma
Ndugu wazazi na walezi, naomba wale ambao watoto wao wenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada) walibainika baadaye kuwa pia na usonji (autism, yaani hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu) watueleze ni jambo gani lililowatia shaka. Mwanangu ana miaka minne, na kila ninapoeleza tabia yake hujibiwa kwamba ndivyo walivyo watoto hawa, ilhali makadirio ya kitafiti, ingawa yanatofautiana, mara nyingi huzunguka asilimia 16 hadi 18 ya watoto wenye sindromu ya Down kuwa na hali zote mbili.

Mama, Tanga
Kuchelewa kutembea na kusema hakukunishtua, kwa kuwa nilikwisha kuelezwa tangu alipozaliwa. Nilianza kushuka moyo kwenye mazoezi ya viungo, ambako wenzake wenye sindromu ya Down, hata wasio na neno moja, walikuwa wakiiga kila kitu: wakipiga makofi, wakipunga mkono wa kwaheri, wakinyoosha kidole kuonyesha paka, kisha wakimgeukia mama kuhakikisha naye amemwona. Wangu hakuniita nitazame chochote. Alinivuta mkono kuelekea kwenye mtungi akitaka maji, bila kuniangalia usoni, halafu akarudi kupanga vizibo vya soda, na ole wake atakayekigusa kimoja. Watu husema watoto wa Down wote ni wacheshi na wanapenda watu. Sifa hiyo, japo ni ya mapenzi, ilinichelewesha kusikilizwa.

Baba, Mombasa
Binti yetu alikuwa akiamkia kila mzee mtaani na kumbusu mkono. Alipofikia miaka mitano hivi, shikamoo ikapotea, yakafuata maneno mengine, na akawa anaziba masikio adhana inapoanza. Jamaa walizungumzia jicho la hasadi, nasi hatukubishana nao. Daktari tuliyempata hakukimbilia kuutaja usonji: alipima kwanza usikivu na homoni za tezi ya shingo, akauliza kuhusu degedege, na akataka kujua kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa sababu yote hayo huwapata sana watoto hawa na yanaweza kumfanya mtoto azubae. Baada ya hapo ndipo alipotupeleka kwenye tathmini ya usonji. Alitueleza kwamba mtoto mwenye hali zote mbili anaweza kupoteza maneno akiwa mkubwa kuliko ilivyozoeleka kwa mwenye usonji peke yake.

Bibi mlezi, Nakuru
Kwa mjukuu wangu shaka ilikuwa hiyohiyo, lakini kilichopatikana ni majimaji nyuma ya ngoma za masikio. Alipotibiwa akaanza kugeuka akiitwa jina. Anzeni na masikio.

Mwalimu wa elimu maalumu, Mwanza
Naongeza kwamba kutikisa mikono au kujibembeza peke yake hakutoshi, kwani watoto wengi wenye sindromu ya Down hufanya hivyo bila kuwa na usonji. Mimi hutazama zaidi uhusiano: mtoto mkaidi anayejitupa chini mara nyingi huchungulia kuona nani anamtazama (na akigundua hakuna, huinuka), lakini yule ambaye pia ana usonji anaweza kuendelea kana kwamba chumba ni kitupu, hasa pale ratiba ilipobadilika ghafla. Mrekodini kwa simu akicheza, akila na akiwa na watoto wenzake, kwa sababu daktari humwona kwa muda mfupi na katika chumba kigeni.

Mleta mada, Dodoma
Nashukuru sana. Huyu wangu pia huvuta mkono kama wa Mama wa Tanga, wala hanyooshi kidole. Nitaomba kipimo cha masikio na cha tezi, na video nimeanza kuzikusanya. Wakati nasubiri, mwenye uzoefu wa kutumia kadi za picha kumfundisha mtoto kwenda msalani anieleze alianza na picha zipi.