Charlie Wiggins alifungiwa mlango wa Indianapolis 500, halafu mnasema "hakushinda"?

Wakuu, nimechoka na hizi orodha za madereva bora wa zamani. Zikitajwa enzi za mwanzo za mbio za magari Marekani ni Barney Oldfield, Ralph DePalma, Ray Harroun, basi. Ukiuliza Charlie Wiggins, dereva mweusi wa miaka ya 1920 na 1930, yuko wapi, unajibiwa eti hakuwahi kushinda Indianapolis 500, zile mbio kubwa za magari za maili 500 kule Indiana. Atashindaje mbio ambazo hakuruhusiwa kuingia?

AAA, chama kilichosimamia mbio zile, kilikuwa hakitaki dereva mweusi. Mwaka 1910 Oldfield mwenyewe alifungiwa na AAA kwa sababu tu alishindana na Jack Johnson, bingwa wa dunia wa ndondi, mtu mweusi. Kama mzungu aliadhibiwa kwa kukubali tu kushindana naye, Wiggins angepitia mlango gani?

Huyu ni mtu wa Evansville, Indiana, mzaliwa wa 1897, aliyeanza kwa kung'arisha viatu nje ya gereji mpaka akawa fundi wa kutegemewa Indianapolis. Gari lake la mbio aliliunda mwenyewe. Weusi walipopata mbio zao mwaka 1924, Gold and Glory Sweepstakes, maili 100 kwenye njia ya udongo, Wiggins alizibeba mara 4: 1926, 1931, 1932 na 1933. Mara tatu mfululizo jamani!

Ila linalonichoma roho ni la 1934. Bill Cummings alimtaka amtengenezee gari la Indianapolis 500. Sheria za ubaguzi zikakataa, basi Wiggins akaandikishwa kama mfagizi. Mchana ameshika ufagio mbele za watu, usiku ameshika spana ndani ya injini. Cummings akashinda mbio zile! Ubingwa ukaenda kwa Cummings, na fundi kwenye karatasi akabaki mfagizi.

Mwaka 1936 magari yaligongana kwenye vumbi la Gold and Glory, Wiggins akapoteza mguu wa kulia. Hakuendesha tena mashindanoni. Alifariki 1979, na dereva mweusi wa kwanza kufuzu Indianapolis 500, Willy T. Ribbs, alipatikana 1991. Mbio zenyewe zilianza 1911!

Sasa kila mwenye orodha ya "madereva bora wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia" aje hapa aeleze Wiggins kamtoa kwa kigezo gani. Na hiyo "hakushinda Indianapolis" siipokei.