Naomba ushauri: EliteBook 840 G3 au ThinkPad T480 kwa 550,000?

Ticha wa Moro
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza uhasibu na nilimwahidi laptopu. Nina 550,000, haiongezeki mpaka mshahara ujao. Leo nimeshinda Kariakoo, nimebaki na mbili, zote za mtumba. HP EliteBook 840 G3, prosesa (ubongo wa kompyuta) i5 kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) GB 256, bei 450,000. Nyingine ThinkPad T480, i5, RAM 8, ila diski ni ile ya kizamani inayozunguka, GB 500. Hiyo anataka 530,000. Muuzaji anasema zote zina Windows 11 kwa hiyo hazipishani. HP inawaka fasta, ile nyingine nilisubiri mpaka nikachoka. Moyo uko kwa HP. Kesho asubuhi narudi dukani, natanguliza shukrani.

Fundi Bisibisi
Mkuu, wepesi uliouona ni wa SSD, na SSD unabadilisha siku yoyote. Prosesa imechomelewa kwenye ubao, hiyo utakaa nayo mpaka mwisho. Windows 11 kwa prosesa za Intel, kama hizo i5, rasmi inaanzia kizazi cha nane. Kwenye G3 wameilazimisha. Itafanya kazi, lakini matoleo mapya ya kila mwaka hayatakuja yenyewe, na Windows 10 nayo ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Chukua T480, ila soma jina la prosesa lote: iwe i5-8250U au i5-8350U, maana zipo T480 zilizotoka na kizazi cha saba. Na isiwe T480s, ile RAM moja imechomelewa.

Mama Salma
Mie naona tumwonee huruma binti. Windows 11 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso, atafungua Excel akapike chai arudi. Kama SSD haipatikani sasa hivi, bora G3 inayofanya kazi leo.

Ticha wa Moro
Dada, hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Akianza muhula na mashine nzito atakata tamaa.

Fundi Bisibisi
Mama Salma ana hoja. Basi mwambie muuzaji atoe hiyo diski abaki nayo, akuwekee SSD ya SATA ya inchi 2.5, hata GB 256. Wengi wanakubali kwa nyongeza ndogo kwa sababu wanazo dukani.

Kabla ya kulipa, kaa chini usiwe na haraka. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo utaona safu mbili. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows): ikidai nywila, iache hapo hapo. Halafu waweke Windows upya mbele yako ikiwa na intaneti. Likitokea jina la kampuni linalotaka uingie kwa akaunti yao, hiyo mashine bado imesajiliwa kwao. Mimi hilo limenikuta, nikakaa na laptopu isiyotumika miezi miwili na aliyeniuzia hapokei simu. Usikubali uonjeshwe machungu hayo.

Kijana wa Ubungo
Ongeza: bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka chaji ya USB-C uitikise kidogo uone kama inakatika, na weka kioo cheupe chote utafute madoa.

Ticha wa Moro
Wakuu, nimerudi na T480. Ni i5-8350U kweli. Betri ya ndani imebaki na mWh 19,000 kati ya 24,000 hivi, ya nje imechoka, 9,000 tu. Nilipomwonyesha muuzaji ile ripoti alikaa kimya, akashusha mpaka 500,000, na SSD ya 256 akaweka kwa 45,000. Wakati fundi wake anataka kufungua nikamwomba kwanza azime betri ya ndani kupitia BIOS, akaniangalia vizuri kisha akafanya. Sasa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Binti ameibeba chumbani kwake, mlango umefungwa.

Fundi Bisibisi
Safi sana. Hiyo betri ya nje mwezi ujao mnunulie mpya, anaibadilisha mwenyewe bila hata kuzima mashine mradi ya ndani ina chaji.