Picha za usiku ziwani: nikiziacha zinamaliza bando la watu, nikizipunguza giza linakatika vipande

mwisho_wa_reli:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua tovuti na wanaojua kamera. Tatizo langu liko katikati, na kila upande unanirudisha kwa mwenzake.

Nipo Kigoma mjini, Mwanga, nauza vipuri vya pikipiki. Picha ni ugonjwa tu. Nina kamera ya mtumba ya megapikseli 24 na lenzi moja ya milimita 50, na ninachopiga zaidi ni taa za wavuvi wa dagaa. Kwa asiyefika huku: siku za giza, mwezi ukiwa haupo, mitumbwi inatoka jioni na taa zake, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini. Ukisimama Katonga saa nne usiku unaona kama kuna mji mwingine umewaka juu ya maji. Mbalamwezi ikirudi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na mimi nafua nguo.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana, hakukuwa na taa ya kupiga. Ndipo nikakaa na laptopu, nikajifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, kwa video za usiku, nikatengeneza tovuti mwenyewe. Ukurasa mmoja, picha 38, maelezo mafupi chini ya kila moja. Nilijiona fundi. Nikamtumia shangazi yangu wa Ujiji, awe mtu wa kwanza kuiona. Robo saa baadaye akapiga: "Mwanangu, nimeona mtumbwi mmoja na nusu, bando likaisha."

Nikaangalia mafaili. Kila picha megabaiti 7 mpaka 10, nimeipandisha na pikseli zake zote 6000 kwa 4000. Jumla zaidi ya megabaiti 300. Shangazi hana kosa.

Basi nikazipunguza kwa programu ya bure, nikashusha ubora hadi 50 kati ya 100. Zikawa nyepesi, lakini anga limeharibika. Lile giza linaloshuka taratibu kutoka bluu ya juu hadi weusi wa maji limekatika mikanda mikanda, utadhani ngazi, na kila taa imezungukwa na vijisanduku. Picha za mchana, za dagaa walioanikwa Kibirizi, kwa ubora huohuo hazina shida. Ni za usiku tu. Nimejaribu WebP, aina nyingine ya faili la picha, mikanda ileile.

Nifanyeje zifunguke kwenye simu ya shangazi na giza libaki giza?

Nyongeza: kabla ya kuzipandisha huwa nafuta chenga zote, zile punje za picha ya gizani, maana napiga kwa ISO 3200, yaani kamera nimeipandisha inase mwanga mdogo, na chenga ni nyingi. Sidhani kama inahusika.

kijana_wa_town:

Weka Instagram mkuu, kujitesa kote huko kwa nini?

mwisho_wa_reli:

Shangazi hana Instagram.

fundi_unyanyembe:

Salamu kutoka Tabora, jirani. Hiyo nyongeza uliyodhani haihusiki ndiyo ugonjwa wenyewe.

JPEG, faili la picha la kawaida, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kuanzia weusi hadi weupe. Picha ya mchana inatumia karibu zote. Anga lako la saa nne usiku, tuseme, linatumia kuanzia ngazi ya 5 hadi ya 25. Hizo ni ngazi 20 hivi. Zitandaze kwenye picha yenye urefu wa pikseli 1200 kwenda chini: kila ngazi inapata mkanda wa pikseli 60, upana ambao jicho linauona bila miwani. Kinachouficha mkanda huo ni chenga. Pikseli moja imeruka juu kidogo, jirani yake imeshuka, mpaka unapotea kama mchanga uliochanganywa. Wewe umefagia mchanga wote, halafu ukashusha ubora hadi 50, na kushusha ubora ni kufagia mara ya pili.

Kwa hiyo rudi kwenye mafaili ya mwanzo. Usifute chenga, au futa nusu tu. Ambazo umeshazisafisha na huna tena asili yake, ongeza chenga kidogo kwa makusudi. Ndiyo, faili litakuwa zito zaidi kwa sababu chenga hazibaniki vizuri. Lakini uzito wako mkubwa hautoki huko, unatoka kwenye vipimo. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo cha pikseli 720 kwa upana, na wewe unampelekea shangazi pikseli 6000. Ni kumpelekea mtu gunia la mchele wakati sufuria yake ni ya kilo moja. Punguza upana kwanza, uwe 1200, na nakala nyingine ya 720. Ukishapunguza, ndipo uguse ubora: za usiku 80, za mchana hata 65 zinatosha.

Kuhusu WebP: ile ya kubana kwa hasara inahifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, ndiyo maana manjano ya taa yanavujia kwenye weusi. Kwa picha zako za taa ningebaki na JPEG. Ukiwa kwenye programu ya GIMP, wakati wa kuhifadhi fungua machaguo ya ziada uchague 4:4:4, rangi zibaki zote. AVIF, aina mpya zaidi ya faili, inaweza kubeba ngazi nyingi kuliko 256, giza lingekaa vizuri zaidi, ila simu za zamani haziifungui na laptopu yako itahema kuitengeneza. Achana nayo kwa sasa.

Upande wa tovuti: kwenye kila tagi ya picha, ule msimbo wa HTML unaoiita picha, kuanzia ya tatu kwenda chini, weka `loading="lazy"`. Kivinjari hakitaishusha picha mpaka msomaji akaribie kuifikia. Za juu kabisa usiziwekee, zitachelewa bure. Andika pia upana na urefu ndani ya tagi, la sivyo maandishi yatakuwa yanarukaruka kila picha inapoingia na shangazi atabonyeza kitu asichokitaka. Zile nakala mbili ziunganishe kwa `srcset`, simu ijichagulie inayoitosha.

Halafu angalia kamera yako isije ikawa imewekwa Adobe RGB, mpangilio wa rangi usio wa kawaida mtandaoni. Geuza kwenda sRGB, ambao ndio wa kawaida, kabla ya kuhifadhi, maana rangi za Adobe RGB zikifika kwenye kivinjari bila maelezo yake zinapauka. Nilipoteza wiki nzima kwa kosa hilo, nilikuwa natengeneza tovuti ya muuza asali, na asali yote ikaonekana kama chai ya jana. Mteja hakunielewa hata kidogo.

mzee_wa_stesheni:

Kijana, ya pikseli sijui. Nimefungua tovuti yako kwa kompyuta ya mjukuu na picha zimenipendeza, hasa ile ya milima ya Kongo baada ya mvua, vumbi limeshuka, unaihesabu. Lakini picha ya 12, ya Liemba, umeandika "meli ya Mjerumani iliyozamishwa na Waingereza." Sivyo. Wajerumani waliizamisha wenyewe, Julai 1916, ili isiingie mikononi mwa maadui, na kabla ya kuizamisha walipaka mitambo grisi isioze majini. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mwanzo iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ikabebwa kuja huku kuunganishwa upya. Reli ilikuwa imefika Kigoma 1914. Wewe unajiita mwisho wa reli na habari hiyo umeikosea!

Maandishi hayali bando. Yarefushe kidogo.

binti_kibirizi:

Kaka, na mimi nina neno. Picha ya 27, yule mama aliyeinama kwenye chanja anageuza dagaa, uso wake unaonekana wote. Uliongea naye? Mama yangu anaanika dagaa palepale na wapiga picha wamemchosha. Wanakuja saa tatu asubuhi wakati jua ndilo limeanza kufanya kazi na yeye anakimbizana nalo, wanamwambia "endelea tu mama kama vile hatupo", wanaondoka, hawarudi. Sikulaumu, nauliza.

Pia picha zako zimebeba mahali zilipopigwa. Nimeishusha moja nikaifungua, ikanionyesha ramani hadi nyumba. Hiyo ya jioni uliyopiga barazani nadhani ni kwako.

Na maelezo yako yanasema "dagaa" tu. Andika ni wa Tanganyika. Watu wa Mwanza wakiona watadhani ni wa kwao, na hao ni samaki wengine kabisa.

mwisho_wa_reli:

Wakuu, nimekaa nayo siku tatu, duka nimemwachia mdogo wangu.

Fundi, Mungu akubariki. Nilikuwa na mafaili asili ya picha 31 kati ya 38. Chenga nimeziacha, upana 1200, ubora 80, na mikanda imeondoka. Kuna moja ya Katonga yenye taa sita kwenye mstari, zamani nilikuwa naisafisha mpaka maji yanakuwa kama plastiki. Sasa maji yana punje, na kwa ajabu yanaonekana yana baridi. Picha nzito kuliko zote ina kilobaiti 310. Ukurasa mzima ni megabaiti 7 na kidogo, na hizo ni kwa anayeshuka hadi chini. Kamera nilikuta iko sRGB tayari, angalau hilo.

Mzee wangu, shikamoo. Nimesahihisha Liemba. Nilisimuliwa na fundi cherehani nikaandika bila kuuliza mtu wa pili.

Dada, hapana, sikuongea naye. Nilipiga nikiwa nimesimama mbali, kwa sababu nilijua nikiomba atajipanga na ile hali itapotea. Nimeiondoa picha kwanza. Jumamosi nakwenda na nakala ya karatasi nimtafute, akikataa basi ibaki kwake. Ya barazani ndiyo, ni kwangu, nimezifuta taarifa za mahali kwenye zote.

Shangazi amefungua jana usiku kwa bando la siku moja, akamaliza picha zote na bando likabaki. Akapiga simu. Nikasubiri sifa. Akauliza ule mtumbwi wa picha ya nne ni wa nani, mbona taa yake moja imezimika.

Sikuwa nimeiona. Nimekuza faili asili, kweli, taa ya nyuma haiwaki.