Nakabwa usingizini: bibi asema jini, mke asema pepo

Mlinzi wa Kibirizi
Wakuu, salaam. Nalinda mitumbwi hapa Kibirizi, Kigoma. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, basi mimi ndiyo nakesha. Asubuhi najitupa kitandani chali. Mwezi huu nimekabwa mara tatu: naliona bati la nyumba, kutu yake naijua, ila hata kidole hakisogei, na kuna mtu kanikalia kifuani. Bibi yangu wa Ujiji kasema jini, kanifukizia ubani. Mke wangu mlokole, kwake ni pepo. Kifua kimoja, mbona mgeni anabadili dini kila nikiuliza?

Nesi Mstaafu
Mdogo wangu, hilo ni jinamizi. Ukiota, ubongo huilegeza misuli usije ukarusha ngumi kitandani. Ukizinduka kabla haijaachiwa, chumba unakiona na ndoto bado inaendelea. Kulala chali na usingizi wa kuungaunga huchochea. Wajapani huita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Newfoundland, huko Kanada, ni bibi kizee anayekalia watu vifua. Jina unapewa na waliokulea.

Mha wa Gungu
Sawa nesi, lakini kwa nini MTU? Mbona haoni gunia la dagaa?

Nesi Mstaafu
Swali zuri. Mwanasaikolojia Justin Barrett anasema akili zetu ni nyepesi mno kuhisi kuna kiumbe chenye nia. Nyasi zikitikisika ukakimbia, kumbe upepo, umepoteza jasho tu. Ukidharau, kumbe chui, huachi wajukuu. Sisi ni uzao wa waliokimbia.

Mha wa Gungu
Uzao wa waoga, nimekubali! Ila hapo hifadhini Gombe, mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliyefika 1960 aliwaona sokwe dume wakicharuka mvua kubwa ikianza, wanakimbia huku wakiburuta matawi. Wanamtisha nani? Sisemi wana dini, nauliza tu.

Mlinzi wa Kibirizi
Mrejesho. Nalala ubavu, wiki ya pili sasa sijakabwa. Bibi anasema ni ubani. Mke anasema ni maombi ya Jumapili. Nesi, panga foleni, wadai mko watatu. Ila hiyo ya nyasi imeniingia: jana usiku kamba ya mtumbwi ililia kidogo tu, nikajikuta nimeshawasha tochi na kupiga kelele, "Nani huyo?"